Sarafu Yenye Tundu

Kila jioni Antonia alitumwa dukani kwa Bibi Gulshan, na kila jioni alichelewa kurudi. "Ukimtuma huyu mtoto chumvi, mboga itaungua wewe unamngoja yeye," shangazi yake Martina alikuwa akilalamika. Kilichomchelewesha hakikuwa mchezo wala umbea. Zilikuwa sarafu.

Bibi Gulshan aliuza vitu vya nyumbani pale Kilwa Masoko. Sauti yake ilikuwa kali, moyo wake laini. Dada yake Tahera aliishi Uingereza tangu ujana wao. Olimpiki ya London ilipokaribia, wenzetu wa kule walitoa sarafu za ukumbusho zenye pembe saba, kila moja na mchezo wake. Tahera akawa anazitafuta katika chenji yake. Akipata mbili za aina moja, moja aliiweka katika albamu yake, nyingine alimpa msafiri amletee mdogo wake. Hivyo ndivyo albamu ya Bibi Gulshan ilivyojaa, safari kwa safari, mpaka ikakamilika.

Antonia alizitazama zote, lakini aliipenda moja: ile ya mtu anayeruka juu ya ufito.

"Hiyo ilichorwa na mtoto," Bibi Gulshan alimwambia siku moja. "Tena mdogo kuliko wewe."

Ah! Tangu siku hiyo Antonia hakutulia. Kwao ni Kipatimu, milimani, na Masoko aliletwa kusoma. Kule nyuma ya jiko, yeye na kaka zake walikuwa wakilaza ufito juu ya panda mbili na kuruka mpaka mama apige kelele. Kila alipoiona sarafu ile, alipaona kwao. Alitamani kulia, akaona haya.

"Bibi, niazime siku mbili tu niichore," alisihi.

Bibi Gulshan alisita. "Hii Tahera aliipata moja tu, akanipa mimi. Kwenye albamu yake nafasi ni tupu mpaka leo. Sasa dada yangu ni mgonjwa. Mwanawe Aun amekuja kututembelea, anarudi Ijumaa. Nataka ampelekee, aione albamu yake imejaa angali hai. Hii ni amana, Antonia. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Kesho yake Antonia aliibeba shuleni, mkono hautoki mfukoni kwa hofu ya kuipoteza. Hapo akamkumbuka bibi yake wa Kipatimu, anayevaa shingoni rupia ya zamani za Mjerumani, iliyotobolewa na kutiwa uzi. "Pesa yenye tundu hainunui kitu tena," bibi yake husema. "Imekuwa ya moyoni." Kwao, kuitoboa sarafu ni kuipa heshima. Antonia akajiambia kwamba anaitunza. Lakini ukweli ni kwamba alitaka kuivaa, japo mara moja, aruke nayo.

Fundi Xaveri, anayetengeneza baiskeli karibu na shule, aliigeuzageuza mkononi. "Ya kwako hii?"

"Ya kwangu," Antonia alijibu. Neno lilitoka jepesi kabisa. Drili ikalia, na tundu likatokea juu kidogo ya kichwa cha mrukaji.

Alasiri ile aliitia uzi, akaruka ufito uwanjani, sarafu ikimdundadunda kifuani, na kwa muda mfupi akawa kwao. Rafiki yake Rosa akaja mbio.

"Lo! Bibi Gulshan amekupa?"

"Ameniazima."

Rosa alishika mdomo. "Umetoboa kitu cha kuazima? Umekwisha! Sema imepotea. Atagomba siku moja, yatapita."

Antonia aliivua sarafu shingoni, akaitia mfukoni.

Ijumaa alikwenda dukani na neno "imepotea" limekaa tayari ulimini. Aun alikuwa kaunta, begi lake miguuni. Albamu ilikuwa wazi, na kando yake kikebe kidogo kilichotandikwa pamba, kikingoja sarafu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Haya, amana yangu."

Antonia alikitazama kile kikebe. Neno lake likamkwama. "Bibi, nimeitoboa," alisema, machozi yakimtoka. "Niliipenda mno. Nikamdanganya fundi kuwa ni yangu."

Bibi Gulshan aliipokea, akaishika mbele ya mwanga. Mteja aliyeulizia sabuni alipungiwa mkono angoje.

"Mtoto wewe! Sarafu hizi hata kukwaruzwa hazitakiwi, wewe umeitoboa! Nitampa nini dada yangu?" Naye akalia.

"Mama mdogo, tumwonyeshe mama mwenyewe," Aun alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, akapiga simu ya video. Uso wa Tahera ulitokea, umekonda. Aliisogelea simu aione sarafu.

"Gulshan," alisema, "unamkumbuka Bi Sauda aliyetulea? Na ile rupia yake ya shingoni, tuliyokuwa tukiililia atuvalishe?"

"Namkumbuka, dada."

"Sarafu nzima huku watu wanazo tele. Yenye tundu hutoka kwetu tu. Niletee hivyohivyo, na uzi wake. Sitaiweka kwenye albamu, nitaivaa."

Antonia alishusha pumzi. Bibi Gulshan akamgeukia.

"Usifurahi bado! Dada yangu amekusamehe kwa sababu yuko mbali, ana hamu ya kwao. Mimi niko karibu, na nina hasira. Sikiliza. Kitu cha mwenzio, hata ukikipenda kuliko yeye, hakiwi chako. Ungeniomba kuitoboa ningekataa, ndiyo maana hukuomba. Lakini ungeniambia imepotea, Tahera angeikosa, na wewe ungeingia humu kila jioni ukiniogopa. Kesho utakwenda kwa fundi, umwambie ukweli kama ulivyoniambia mimi."

"Nitakwenda, Bibi. Nisamehe."

Aun aliondoka na sarafu. Bibi Gulshan akaivuta albamu. "Uliazima uchore. Umechora?"

"Bado, Bibi."

"Na yenyewe imekwenda. Basi ichore kwa kukumbuka, niiweke hapa pake."

Antonia aliketi juu ya kreti la soda. Alichora pembe saba, akachora ufito na mrukaji wake, na kila mstari ulimtia hamu ya kuishika tena. Bibi Gulshan akainama kutazama.

"Na tundu," alisema. "Usiliache."