Maji ya Rejeta

Kila asubuhi kabla ya chai, Redio alikuwa na kazi moja ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyeachiwa. Alifungua boneti ya teksi ya baba yake injini ikiwa bado baridi, akazungusha kifuniko cha rejeta na kuchungulia maji yanayopoza injini. Kama yamepungua, aliongeza. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari za shule. Mtaani walimwita Redio, kwa kuwa mdomo wake ulifunguka alfajiri na hakuna aliyejua pa kuuzimia.

Wiki ile fundi alikuwa amebadilisha mpira unaopitisha maji ya rejeta. Alipokabidhi gari alisema, "Kwa siku saba, angalieni maji kila asubuhi bila kukosa. Hewa iliyobaki ndani ikitoka, maji yatashuka." Redio aliitikia kwa kichwa kama fundi mwenzake.

Jumamosi, hata hivyo, haikuwa siku ya kawaida. Shangazi alikuwa amefika usiku uliotangulia pamoja na bintiye, na wote wawili hawakuwahi kuiona bahari. Baba aliahidi kuwapitisha barabara ya ufuoni, kisha awapandishe mlimani hadi pale juu ambapo mtu huona maji yote kwa mara moja. Tangu kuamka, Redio alikuwa chumbani akimsimulia binamu yake mawimbi na kona za mlima, huku akivaa gauni hili na kulivua lile.

"Maji umeangalia?" baba aliuliza kutoka uani.

"Nimeshaangalia, baba. Yamejaa."

Neno lilimtoka jepesi. Jana yalikuwa yamejaa, aliwaza, leo yangekwenda wapi?

Safari ilianza vizuri. Shangazi alishusha kioo, akaitazama bahari kwa muda mrefu. "Kumbe haina ng'ambo," alisema taratibu. Redio akajipa uenyeji wa kila mwamba na kila jahazi, na binamu yake akaamini yote, hata yale ambayo Redio mwenyewe alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

Walipoanza kupanda mlima, sauti ya injini ilibadilika. Kabla ya kufika nusu ya mlima, mvuke ulifuka kwenye boneti. Baba alisogeza gari kando na kulizima.

"Limechemsha," alisema.

Redio alikumbuka kifuniko ambacho hakukifungua asubuhi. Baba alikuwa amekasirika, na zaidi alikuwa ameona haya mbele ya dada yake. Akatoa simu. "Fundi, umeniaibisha mbele ya wageni. Mpira ulioufunga juzi umeniacha mlimani. Kama kazi huijui, sema, tuwatafute wanaoijua."

"Redio imezima?" binamu alitania alipoona mwenzake amenyamaza. Redio aligeuza uso.

Baada ya karibu saa nzima fundi alifika kwa pikipiki, amebeba dumu la maji. Aliinama, akaupapasa mpira kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akachungulia chini ya gari, kisha akafungua kifuniko.

"Mpira mkavu, hakuna panapovuja," alisema. "Lakini maji hakuna. Yaliangaliwa asubuhi?"

"Binti yangu aliyaangalia," baba alijibu. "Na binti yangu hasemi uongo."

Fundi alimtazama Redio kidogo, kisha akaitazama mikono yake yenye mafuta. "Basi kosa litakuwa langu, mzee. Nisamehe. Kesho nitalifungua upya."

Redio aliona heri angechapwa. Angenyamaza tu, maji yangetiwa, safari ingeendelea na hakuna ambaye angejua. Lakini fundi alikuwa bado anaukagua mpira ule mzima, akitafuta kosa ambalo halikuwapo.

"Baba, sikuangalia." Redio alisogea hadi kwenye boneti. "Nilisema tu."

Baba hakumgombeza. Alimpa mgongo, akavua kofia yake. "Fundi, nimekukosea. Nilikushutumu kabla ya kukuuliza."

"Yameisha, mzee," fundi alisema huku akimimina maji. "Ila ulipopiga nilikuwa chini ya gari, simu nimeiweka sauti ya juu. Gereji nzima ilisikia. Kulikuwa na mteja ananingoja. Alichukua gari lake akaenda kwingine."

Walifika kileleni. Bahari ilitandaa chini yao, na shangazi akacheka kwa furaha. Redio alitazama viatu vyake. Aibu ilikuwa imemjaa hata hakuthubutu kusimama karibu na baba yake.

Wakati wa kurudi, baba alipitia gereji bila kuombwa. Fundi alikuwa amesharudi, na wenzake watatu waliacha kazi wakawatazama. Baba alikiri kwanza kwamba alimtukana mtu asiye na hatia. Kisha akamwachia Redio nafasi.

"Fundi hakukosea," Redio alisema, machozi yakimlengalenga. "Aliagiza maji yaangaliwe kila siku. Mimi sikuangalia, nikasema nimeangalia. Fundi, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mwanangu," fundi alijibu. "Na mpira wangu umesamehewa pia." Wenzake wakacheka, mmoja akampiga Redio begani kwa upole.

Redio alipumua. "Na yule mteja je? Naweza kumwambia?"

"Sijui anakokaa," fundi alisema. "Alikuwa mpita njia."

Shangazi alimshika Redio mkono wakirudi garini. "Kusahau si kosa kubwa, mama. Hata mimi husahau. Lakini ulimpa baba yako jiwe, naye akamrushia mtu kwa kukuamini. Leo umesema kweli, na hilo ni jema, nimelipenda. Ila ungeisema asubuhi, ingekugharimu dakika tano tu za kuangalia maji. Sasa kuna mtu huko anasema fundi huyu hajui kazi, na hatuna pa kumpata tumwambie sivyo."