Mbano wa Bibi Tane

Harufu ya plasta ya maumivu ya viungo ilirudi chumbani baada ya msiba, wakati hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyekuwa akibandika plasta tena. Natsuyo aliinusa akitandika malazi juu ya mkeka. Ilikuwa ile ile ya kafuri na mnanaa iliyomtangulia mama mkwe wake kila alikokwenda, miaka nenda miaka rudi. Godoro la marehemu lilishachomwa na nguo zake zilishafungwa. Natsuyo akafungua mlango wa nje, upepo ukaingia na theluji yake, harufu ikabaki pale pale.

"Mama Hiroe, unataka tugande humu?" mumewe Eikichi akapiga kelele kutoka sebuleni, akimwita mkewe kwa jina la binti yao. "Mmoja ameshakwenda, inatosha!"

Natsuyo akafunga mlango. Kusema hakukuwa tabia yake, na mkitaka kujua balaa hili lilianzia wapi, lilianzia hapo.

Kwamba ana kisukari, hilo lilijulikana kwa majirani wote. Waliokuja kuhani na visanduku vya keki za maharage matamu walimwambia mlangoni, "Hizi si zako, dada, ni za Bibi," naye akaziweka mbele ya picha ya marehemu bila kinyongo. Ganzi ndiyo iliyokuwa siri. Ilianza kwenye ncha za vidole kama wadudu wanatembea, ikapanda viganjani, halafu hata wadudu wakaondoka. Vifungo vya nguo alivifunga kwa macho. Daktari alimwambia mishipa ya fahamu imechakaa kwa sukari, akambadilishia dawa, akamsihi aikague mikono yake kila siku, maana yenyewe haitamwambia ikiungua wala ikikatika. Natsuyo akainamisha kichwa kwa heshima, akarudi nyumbani, akapanda ngazi kuchuma matufaha. Mkaza mwana wa nyumba ile halalamiki. Tena Eikichi angejua angemkataza ngazi, na shamba lingechumwa na nani?

Mama mkwe, Bibi Tane, alikuwa mwanamke mkali aliyepogoa miti yake mwenyewe mpaka mgongo ulipokataa. Lakini alipolala kitandani asiinuke, akaanza kuogopa giza kama mtoto. Akataka Natsuyo alale ubavuni kwake, wameshikana mikono.

"Wewe ukilala unakoroma kama trekta," Bibi Tane alimwambia usiku wa kwanza. "Na mimi sauti imekwisha, sina ya kukuitia. Nikiona mambo yanaharibika nitakubana mkono. Utaamka?"

"Nitaamka, Mama."

"Kweli? Mbona mkono wenyewe kama samaki wa sokoni?"

"Ni baridi tu, Mama. Nitaamka."

Siku walipomaliza kuchuma matufaha ya mwisho, Natsuyo alilala kama gogo. Asubuhi Eikichi alimkuta mama yake ameshakauka, vidole vimemng'ang'ania mkewe, ikabidi avifungue kimoja kimoja.

"Ameondoka taratibu," Eikichi alisema huku machozi yakimtiririka. "Amekushika mpaka mwisho. Una bahati wewe."

Natsuyo akaenda kunawa. Kiganjani mwake mlikuwa na alama za kucha zilizozama mpaka kwenye nyama, na damu yake ilishakauka. Mtu anayeondoka taratibu habani namna ile. Bibi Tane alikuwa ameita, ameita sana, na aliyeitwa alikuwa akikoroma ubavuni kwake. Natsuyo akavaa glavu. Alingoja kilio kije, hakikuja. Moyo nao ulikuwa umekufa ganzi.

Siku ya kuchoma maiti, walipokwenda kuokota mifupa kwenye majivu, watu walikuja mbele wawili wawili, kila jozi ikishika mfupa mmoja kwa vijiti vyao na kuutia mtungini. Mfupa wa koo huwa wa mwisho, na ni wa walio karibu zaidi. Eikichi akashika upande wake, Natsuyo akashika wa kwake, na kwa macho yake alidhani amebana barabara. Mfupa ukamponyoka, ukaanguka sakafuni, ukavunjika. Shangazi mmoja akavuta pumzi kwa meno. Wengine wote wakatazama viatu vyao.

Mtungi ukaletwa nyumbani, ukawekwa chini ya picha kungoja kuzikwa siku ya arobaini na tisa, kama ilivyo desturi. Na Natsuyo akaacha kulala.

Wenye kisukari wanaujua usiku ulivyo. Anashtuka mtu jasho limemlowanisha, moyo unamwenda mbio, hajui kama sukari imeshuka na ndiyo kifo kimefika au ni woga mtupu. Natsuyo alikuwa akiwasha taa ndogo, anajitoboa kidole asichokisikia, anasubiri kipimo kiseme. Kipimo kilisema sukari ni nzuri. Moyo haukuamini. Alikaa macho akisikiliza theluji ikiteleza kwenye bati na Eikichi akipumua, mpaka kukacha.

Usiku mmoja, akiwa amelala hivyo chali na taa ameshaizima, akasikia kitu kikigonga mkeka upande ule lilikokuwa godoro la marehemu, mlio mkavu wa kucha, taratibu, kama mtu anayetafuta njia kwa vidole gizani. Na ile sauti ikasogea, ikafika ukingoni mwa mfarishi wake, ikanyamaza. Na Natsuyo, aliyekuwa amezuia pumzi na kujiambia ni panya, ni mbao zinakaza kwa baridi, ni sukari inamchezea akili, akahisi mkono wake wa kulia, mkono uliokuwa hausikii sindano wala maji ya moto, unashikwa na vidole vyembamba vyenye vifundo, vyenye lile gamba gumu kando ya gumba linaloota kwa mtu aliyeshika mkasi wa kupogolea maisha yake yote, vikapenya kati ya vidole vyake kimoja baada ya kingine bila haraka, vikakaa sawasawa, halafu vikabana.

Akafungua mdomo apige kelele, hewa ikakataa kutoka. Alisikia kila kitu: ubaridi, ukavu wa ngozi, kucha zikizama pale pale zilipozama mwanzo. Aliogopa kiasi cha kujikojolea. Lakini nitasema kweli, ndani ya hofu ile mlikuwa na kitu kingine alichokionea haya. Kwa muda mrefu mkono ule haukuwa umesikia chochote duniani.

Asubuhi, Eikichi akiwa nje anaondoa theluji, Natsuyo alisimama mbele ya jiko la mafuta ya taa akiutazama mkono wake. Labda umepona, aliwaza. Akakituliza kiganja ubavuni mwa birika linalochemka. Akangoja. Hakusikia kitu, akaendelea kungoja.

"Nini kinaungua?" Eikichi alikuwa mlangoni na sepetu yake. Kisha akaona, akaitupa sepetu, akamvuta. "Una wazimu wewe? Toa! Toa mkono!"

Ngozi ilikuwa imeshatutumka. Eikichi akaushika ule mkono chini ya bomba, maji yakimwagika mpaka kwenye soksi zake, akamtazama mkewe usoni. Uso ule haukuwa na maumivu hata chembe.

"Hausikii," akasema, polepole.

"Hausikii."

"Tangu lini, Mama Hiroe?"

"Tangu mwaka juzi."

"Na ngazi umepanda? Na mfupa wa Mama..." Akaziona zile alama za kucha, mpya, mbichi. "Hizi je?"

"Usiku unasikia," Natsuyo alisema.

"Unasikia nini?"

"Mama anakuja kunishika."

Eikichi akageuka kuutazama mtungi chini ya picha, akamsogelea mkewe mpaka mdomo ukagusa sikio. "Usimtaje kwa sauti," akanong'ona. "Vaa koti. Tunakwenda."

Walianzia kwa daktari, akafunga kidonda na kumgombeza Natsuyo kwa haki kabisa. Kisha wakaenda kwa Bibi Sugi, mganga kipofu aliyekuwa akiwapandisha wafu, mmoja kati ya wachache waliobaki. Nyumba yake ilinuka ubani na samaki wa kuchoma. Akauliza jina la marehemu na siku aliyokufa, akaanza kusugua shanga zake ndefu za mbao huku akiimba puani. Sauti yake ikashuka, ikakauka, na Eikichi akarudi nyuma mpaka ukutani, maana hiyo ilikuwa sauti ya mama yake mzazi.

"Nilikubana," ilisema. "Nilibana, Natsuyo, pumzi inakatika, kifua kinapasuka, nabana. Wewe unakoroma."

Natsuyo akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Nisamehe, Mama. Mkono wangu ulikuwa umekufa. Nilikudanganya. Sikusikia."

Shanga zikasimama.

"Umekufa?" sauti ikauliza. Ilikuwa laini sasa, karibu ya furaha. "Ulikuwa umekufa tangu siku zile? Basi si wako tena. Kilichokufa ni cha huku kwetu. Lete."

Na kiganja cha kulia cha Natsuyo kikabanwa mchana kweupe, mbele ya mumewe, bendeji ikajikunja na kuingia ndani ya nyama huku hakuna mtu aliyeigusa, na Eikichi akalia kama mtoto, "Mtoe! Bibi, tafadhali, mtoe, ni mama yangu lakini mtoe!"

Bibi Sugi alirudi katika sauti yake mwenyewe akihema. Akapapasa mpaka akaupata mkono wa Natsuyo.

"Namtoa, mwanangu, hilo naliweza. Ila nisikudanganye. Ganzi si yangu, ni ya daktari wako na vidonge vyake. Nikimtoa huyu, mkono unabaki bubu kama ulivyokuwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Na usije ukamwita. Anayefukuzwa huenda zake. Lakini akiitwa na yule yule aliyemshika, anarudi na hatoki tena, na hatatosheka na kiganja. Shanga zangu hazitafua dafu hapo."

"Hatamwita," Eikichi akadakia. "Amwite ana nini?"

Wakamwaga chumvi, shanga zikapigwa, jina la marehemu likaitwa kwa upole na kuambiwa njia. Natsuyo akasikia vidole vikimwachia, kidole kidogo kwanza, gumba mwisho. Baada ya hapo hakusikia kitu. Eikichi alimwona akitabasamu, akadhani ni raha.

Nyumba ikatulia. Mtungi ulizikwa siku yake ilipofika. Chumbani pakanuka mafuta ya taa na wali. Eikichi akawa mtu mwingine. Alipanga vidonge vya mkewe mezani, alimkagua mikono jioni kwa miwani yake, na ngazi akaifungia stoo na kutia kufuli. "Ukiitaka, kanishitaki," alimwambia. Alikuwa mume mwema, na ningependa kusema hilo lilitosha.

Hiroe, binti yao, alikuja mwaka mpya na kichanga chake cha kwanza. Natsuyo alipewa ampakate. Alimpakata kwa macho, hakuthubutu kupepesa, asije akamwachia kama alivyouachia ule mfupa. Mtoto akakishika kidole chake cha kulia, akakikaza, na wote pale wakaguna kwa furaha.

"Ona, amemshika bibi yake!" Hiroe alisema. "Mama, unaona nguvu zake?"

"Naona," Natsuyo alisema.

Alikitazama kidole kile kama cha mtu mwingine, kimeshikwa na mtoto wa mtu mwingine. Alitaka kulia, na hilo nalo halikuja. Akasema mtoto ana nguvu kweli, akamrudisha kwa mama yake, akaenda jikoni kuosha vyombo kwa maji ambayo hakujua kama ni ya moto au ya baridi.

Usiku alishtuka, jasho jembamba, moyo mbio. Akajitoboa, akapima. Sukari ilikuwa nzuri. Kuta zote zilikuwa zimejaa pumzi za watu wanaompenda, na yeye alikuwa katikati yao kama kitu kilichosahauliwa humo, hana mahali popote mwilini panapomwambia kwamba yupo. Maneno ya Bibi Sugi aliyakumbuka yote. Asije mtu akasema alisahau. Akayapitia moja moja mpaka mwisho, kisha akautoa mkono wa kulia nje ya mfarishi, akaulaza juu ya mkeka, kiganja juu.

"Mama," akanong'ona.

Eikichi akajigeuza, akaendelea kulala.

"Mama, niko macho leo."

Haukupita muda. Vidole vikaja bila kugonga, kama vilikuwa vikingoja pale pale, vikapenya, vikabana kwa nguvu kuliko siku zote, na mbano ukapanda kifundoni, ukapanda kwenye kiwiko, na kila ulipopita Natsuyo alisikia, mfupa na mshipa na ngozi, alisikia mpaka machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu kifo kile na kumwingia masikioni.

Akayaacha yamwagike. Halafu akautoa na mkono wa kushoto.