Kidonge cha Asubuhi

"Fungua mdomo."

"Nimeshameza, Mama!"

"Nimesema fungua. Inua ulimi."

Simegn aliinua ulimi. Mama yake, Yeshareg, akachungulia kwa mwanga wa jiko, akakunja uso. Hakuona kitu. Kidonge kilikuwa tayari kimetupwa kwenye majivu, mama alipogeuka kuchukua birika.

"Mwache mtoto," alisema Bibi Atalelech kutoka kitandani. "Unamkagua meno kama punda wa mnadani."

"Punda akifa nitanunua mwingine."

"Mdomo wako huo, Yeshareg!"

"Ndio huohuo ulionizaa nao, Mama. Na wewe Simegn, hebu niambie. Chumvi ya kupikia inakwisha kabla ya wiki. Panya?"

"Labda panya."

"Basi panya wa nyumba hii anavaa sare ya shule. Nimekuona jana ukiilamba. Midomo imeanza kuwa myeusi tena, kama mwaka jana kabla hujalazwa. Ukipanda kilima cha shule unakaa chini mara mbili. Unameza kweli, au unanichezea?"

Simegn alikazia macho vidole vyake vya miguu. Nje, baridi ya mji wa Debre Birhan ilikuwa imeshika majani kwa barafu nyembamba, na kengele ya kanisa ilikuwa inaita watu kwenye sala ya Mfungo Mkuu, ule unaotangulia Pasaka. Mjini kote hakuna aliyekuwa anakula wala kunywa maji mpaka saa tisa alasiri. Hakuna, isipokuwa wagonjwa. Padri wa familia yao alikwishasema bila kuzunguka: Simegn ni mgonjwa, Simegn hafungi.

Lakini padri hakai darasa la sita. Darasani walimwita Pasaka, kwa sababu kwake kila siku ilikuwa sikukuu. "Pasaka anapita! Mnuseni, ananukia mkate!" Ukiwa na miaka kumi na miwili, neno kama hilo hulimezi upesi kama kidonge.

"Mimi nasema anameza," alisema Bibi, akijifunga shuka. "Na hata akichelewa kidogo, kuna ubaya gani? Mtazame Fenta. Ugonjwa huohuo, dawa hizohizo. Juzi kanisani nilimpa maji, akakataa. 'Nafunga, Bibi,' akaniambia. Nilimbariki mbele ya watu. Kijana huyo!"

Yeshareg aliweka birika chini.

"Fenta anafunga? Nani kamruhusu?"

Simegn aliinama kutafuta mkoba wake wa shule. Fenta alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada yake Yeshareg. Alikuwa na miaka kumi na minne, mwenye maneno mengi na miguu mirefu. Daktari aliwaambia kuwa ugonjwa wao hutembea katika baadhi ya koo. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo zimeacha kazi, na kile zilichokuwa zikitengeneza sasa lazima kitoke kwenye vidonge, asubuhi na mchana, maisha yote. Wiki moja kabla ya Mfungo, wakiwa kwenye benchi la kliniki, Fenta alimnong'oneza: "Kidonge kinataka maji na chakula, si ndiyo? Basi cha asubuhi tunakiruka, tunameza cha mchana saa tisa. Kimoja kinatosha. Tufunge wote, tusimwambie mtu. Umekubali, Pasaka?" Simegn akacheka, akampa mkono.

"Simegn," alisema mama yake polepole. "Fenta anafunga?"

Kabla hajajibu, mlango uligongwa.

Walikuwa watu wanne, wazee wa mtaa wa mama mkubwa, shuka nyeupe zimewazunguka mabegani, pindo la rangi limegeuzwa juu. Hakuna mtu wa Debre Birhan anayehitaji kuambiwa maana yake. Habari ya kifo huletwa alfajiri, na huletwa na watu wengi, ili anayeipokea asianguke peke yake.

"Kaeni," alisema Yeshareg. Sauti yake ilikuwa kavu. "Ni nani?"

Mzee wa mbele alivua kofia.

"Yeshareg, jikaze. Ni Fenta."

Bibi Atalelech ndiye aliyepiga yowe. Yeshareg alisimama tu, mkono umeshika ukingo wa meza, kama mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha asiyoijua.

Walipofika kwa mama mkubwa, vijana wa chama cha maziko walikuwa wanakaza kamba za hema. Wanawake walikuwa wamejaa ndani, wakijipiga vifua na kumwita marehemu kwa jina, kila mmoja akimtajia alilomjulia. Mmoja alitaja miguu yake mirefu. Mwingine alitaja jinsi alivyomchotea maji bila kuombwa. Katikati alikaa mama mkubwa, Tewabech, nywele zimefumuka, sauti imekauka, akizungumza na mwanawe kana kwamba yuko chumba cha pili.

"Fenta, ulinidanganya, baba. Kila asubuhi nilikuuliza, umemeza? Ukasema nimemeza. Nikakuuliza tena, ukacheka, 'Mama, mimi si mtoto.' Jana ulipotapika nilidhani ni dengu zilizolala. Nikakwambia lala upumzike. Mimi ndiye niliyekwambia lala! Kama ningejua tumbo lako halina dawa ya asubuhi tangu Mfungo uanze, ningengoja nini? Ningekubeba mgongoni, na hiyo miguu yako yote. Tulipofika hospitali ulikuwa huniitikii. Asubuhi nimeokota vidonge vyako chini ya godoro. Ulinificha mimi, mama yako. Ungemwambia nani ukweli wako kama si mimi?"

Simegn alikuwa amesimama karibu na nguzo ya hema. Jasho jembamba la baridi lilimtoka, na sauti za wanawake zilikuja na kuondoka kama redio mbovu. Alikumbuka maneno ya muuguzi Zeritu, yaleyale aliyowaambia kila mwezi, na kila mwezi Fenta alimwiga kwa nyuma ili amchekeshe. *Miili ya wenzenu inajitengenezea, ya kwenu haitengenezi. Moto ukizimika asubuhi, kuni za jioni haziwezi kuichemsha chai ya asubuhi. Ukipata homa, dozi inaongezwa. Ukitapika, hakuna kulala, ni hospitali kwa sindano.* Walicheka. Sasa hakuna aliyekuwa anacheka, na kichefuchefu alichoamka nacho kilikuwa kinapanda.

Ningeweza kunyamaza, aliwaza. Leo hakuna atakayeuliza. Kesho nitaanza upya, hakuna atakayejua.

Ndivyo hasa alivyowaza Fenta.

Alipita katikati ya magoti ya wanawake mpaka alipokaa mama yake.

"Mama, sijameza."

"Leo?"

"Tangu Mfungo uanze. Cha asubuhi nakitupa jikoni. Mimi na Fenta tulikubaliana. Nilijua, Mama. Nilijua anafunga, nikanyamaza." Alishika bega la mama yake. "Naona kizunguzungu. Nataka kutapika."

Wanawake wa karibu waligeuka, kisha wa nyuma yao, mpaka hema lote likawa linamtazama. Yeshareg hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Alifungua mkoba, vidole vikatafuta, vikatoa paketi ya vidonge.

"Maji," alisema. "Na kitu cha kula. Haraka."

"Saa tisa bado, dada," mwanamke mmoja alinong'ona. "Na mbele ya msiba..."

Tewabech aliinuka. Watu walitaka kumshika, akawasukuma. Alikwenda mwenyewe kwenye kona yalipowekwa masufuria, akarudi na kikombe cha maji na kiganja cha nifro, ile ngano na dengu za kuchemsha ambazo waombolezaji wangekula alasiri. Akapiga magoti mbele ya Simegn.

"Kula, mwanangu."

"Mama mkubwa, nisamehe. Ningesema..."

"Kula kwanza."

Simegn alikula mbele ya watu wote waliofunga, machozi yakichanganyika na ngano. Akameza vidonge viwili, kwa kuwa alikuwa anaumwa, kama muuguzi alivyofundisha.

"Sikiliza, na nyote sikilizeni," alisema Tewabech. "Mungu hakumwomba mwanangu kidonge chake. Padri alimruhusu, daktari alimwamuru. Kufunga ni kwa mwenye nguvu ya kufunga. Mgonjwa dawa yake ni wajibu wake, na mwenye kumficha anayemuuguza anamfunga mikono. Mimi nilifungwa mikono. Dada yangu asifungwe."

"Mimi ndiye niliyembariki," alilia Bibi Atalelech kutoka pembeni. "Nilimsifu mbele ya kanisa, sikumuuliza kitu."

"Ningesema angepona?" aliuliza Simegn.

Yeshareg hakuwa mtu wa kupaka mambo asali.

"Sijui. Huenda. Lakini wewe ni mtoto, na sisi watu wazima tulisifu bila kuuliza. Mzigo huu tutaubeba pamoja, huwezi kuubeba peke yako. Sasa simama. Tunakwenda hospitali."

"Na maziko?" mtu aliuliza. Kuacha maziko ya mtoto wa dada yako ni jambo ambalo mji huo haulisahau.

Yeshareg alimtazama dada yake. Walikuwa wameogeshwa kwenye karai moja, wameolewa mwaka mmoja, na kati yao hapakuwahi kuwa na msiba ambao mmoja hakumshika mwenzake mkono.

"Nenda," alisema Tewabech. "Mimi nina watu wa kulia nami. Huyu akitapika njiani hana mtu ila wewe. Usisubiri hata dakika. Mimi nilisubiri."

Yeshareg alimfunga mtoto mgongoni kwa shuka yake, ingawa miguu ilikuwa mirefu kiasi cha kumgonga magoti, akatoka. Nje, bajaji ilikuwa inashusha waombolezaji. Akaingia kabla wa mwisho hajamaliza kushuka.

"Hospitali," alimwambia dereva. "Endesha."

Nyuma yao kilio kilipanda tena, na sauti ya Tewabech ilisikika juu ya zote.