Pamba Ndani ya Laptopu ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yetu Mwaro, fundi wa kompyuta pale Kibarani, na hadi leo akiyasimulia lazima ateme mate.

Mama Kabibi alimletea laptopu ya marehemu mumewe. "Ikilala haiamki, mwanangu, na picha zake zote zimo humo."

Mwaro aliijua kasoro hiyo: mfumo endeshi wenyewe hukosea kugawa umeme kompyuta inapolala. Akausasisha, akaifunika laptopu kuijaribu. Ikalala tena, isiamke. Mara stima zikapotea, na mlango alishaufunga kwa ajili ya mvua. Gizani, skrini ikiwa nyeusi, akasikia feni inakoroma kama mtu aliyejaa makohozi.

Akawasha tochi ya simu, akang'oa betri, akafungua kifuniko cha chini. Matundu mawili ya feni yalikuwa yamezibwa, kama pua za maiti, kwa pamba iliyolowa, ya manjano, yenye kuvutika kama kamasi na kunuka karafuu maiti. Akaitoa yote, kisha, kwa mazoea ya mafundi, akaweka mdomo kwenye matundu apulize vumbi.

Hakuwahi kupuliza. Betri ikiwa bado mkononi mwake, pumzi ya uvuguvugu, yenye majimaji, ilimwingia kinywani.