Nyumba ya Jirani na Akida

Kila asubuhi Kuluthumu alikamua ng'ombe wa mama yake, akamnywesha mdogo wake Hasani maziwa, kisha akaenda kisimani na mtungi. Ilikuwa enzi za Mjerumani, na reli ilikuwa imefika Dodoma juzijuzi tu. Baba yake Halfani, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Kondoa, alikuwa amechoka kukaa kwenye nyumba ya watu. Alitaka yake.

Nyumba ya Yotham, tembe ya paa bapa la udongo kule kwa wafugaji wa Kigogo, ilikuwa ikiuzwa kwa ng'ombe wawili. Lakini Halfani aliikodolea macho tembe ya Abbasi, iliyopakana na ua wa akida, yule mkubwa aliyewekwa na Wajerumani. Hiyo ilikuwa ng'ombe wanne, naye alikuwa na watatu. Wa nne angekuwa yule wa maziwa.

"Na mtoto atakunywa nini?" mama akauliza.

"Mke wangu, tutakuwa majirani wa akida! Hebu fikiri watu watatuonaje!"

Kuluthumu naye, loo, kichwa kilikuwa kimemvimba! Kisimani alijigamba mpaka wenzake wakamchoka.

Siku ya kwenda kuiona nyumba, walipokewa na nzi. Uani kulikuwa na matumbo ya mbuzi yaliyooza, funza wakitambaa juu yake. Kabla hawajasema neno, mtumishi wa akida akachungulia juu ya ua na kumwaga ndoo nyingine, puu! Maji ya damu yakamrukia Halfani kwenye kanzu. Mtumishi hakuomba hata radhi. Ptuu! Ushenzi gani huu?

Abbasi akacheka. "Msijali, hayo ni ya kwa akida."

"Tutazoea," Halfani akasema, huku akijifuta. "Au siyo, binti yangu? Si pazuri?"

Kuluthumu akawafikiria wenzake. Akikataa, watamcheka mpaka basi. Akikubali, maziwa ya Hasani ndiyo kwaheri. Akaziba pua.

"Hapana, baba. Panatia kinyaa! Na tukihamia, nani atamwambia akida aache kututupia uchafu?"

"Mumwambie akida?" Abbasi akadakia. "Mnataka viboko?"

Halfani akaitazama kanzu yake. "Kumbe hicho ndicho unachoniuzia kwa ng'ombe wawili zaidi," akasema. "Jirani nisiyeweza kumwambia neno. Twende zetu, mwanangu."

Wakanunua kwa Yotham. Mvua zilipokaribia, majirani wakaja wenyewe na vikapu vya udongo, wakaliziba paa, kama ilivyo desturi ya Wagogo. Kisimani Kuluthumu alichekwa kweli, akarudi nyumbani analia.

"Nyamaza, mama," Halfani akambembeleza. "Ulisema kweli ingawa ulijua utachekwa. Mimi mtu mzima nilisimama kwenye uoza nikapaita pazuri, eti kwa sababu ya cheo cha mtu wa upande wa pili. Nyumba tunaishi sisi. Wanaotusifia wanalala kwao."