Nyirinyiri za Harusi ya Kaaha

Kila alasiri, Qali alipotoka shuleni, alipitia buchani kwa baba yake, Mzee Guleid, kuchukua sahani za chakula cha mchana. Hakuondoka upesi, kwa maana baba yake alipenda kuzungumza, na siku hizo mazungumzo yake yalikuwa ya ngamia tu.

"Tazama ndoano zangu," alisema akipangusa kisu. "Kabla ya vita hivi vya serikali na waasi paliningʼinia mbuzi na ng'ombe. Ngamia tulimchinja Idi au harusini. Sasa njia zimefungwa, ng'ombe wa kutoka Griftu hawafiki, na wafugaji wameamriwa kukaa karibu na mji pamoja na ngamia wao. Basi ngamia ndiye anayeilisha Garissa! Hata yule karani kutoka bara aliyeapa kuwa hatamwonja, siku hizi anabisha hodi kabla sijafungua duka."

Qali alicheka. Wiki hiyo hata yeye aliwaza ngamia, kwa sababu dada yake Kaaha alikuwa anaolewa.

Ukoo wao ulikuwa na desturi ya zamani. Bibi harusi alipelekwa kwa mumewe na chombo cha mti kilichojaa nyirinyiri, yaani vipande vidogo vya nyama ya ngamia vilivyokaangwa mpaka vikakauka, kisha vikahifadhiwa ndani ya samli. Chombo kilivikwa ngozi na kuzungushiwa kamba nyingi. Wiki moja baada ya harusi, ndugu za bwana harusi walikusanyika kuzifungua kamba hizo bila kuzikata. Nyama ikitoka nzuri, bibi harusi husifiwa. Ikitoka imeoza, aibu yake haisahauliki.

Siku ya kukaanga, nyanya yao, Ayeeyo Arbia, alimkabidhi Qali sufuria la mwisho.

"Koroga bila kuchoka," alisema. "Maji yakiisha kabisa, nyama italia kama kokoto ukiitikisa. Hapo ndipo utie samli, siyo kabla."

Qali alikoroga. Jasho lilimtiririka, moshi ukamwingia machoni. Kutoka ua wa jirani zikasikika sauti za rafiki yake Hawo na wasichana wengine wakifanya mazoezi ya nyimbo za harusi. Jua lilikuwa linashuka, na likishazama hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje, kwa amri ya serikali. Kama angeenda baadaye, angekuta kila mtu amerudi kwao.

Akatikisa sufuria. Nyama ilinyamaza.

"Imelia?" Ayeeyo aliuliza kutoka ndani.

"Imelia, Ayeeyo!" Qali alijibu. Akamimina samli juu ya nyama, akatoka mbio kwenda kucheza.

Asubuhi ya pili Ayeeyo alijaza nyama zote ndani ya chombo, akakivika ngozi, akaanza kuzungusha kamba. Kaaha aliketi pembeni amepakwa hina, uso wake uking'aa kwa furaha.

"Billow, shemeji yangu, anajigamba kwamba hakuna kamba inayomshinda," alisema. "Ayeeyo, nifungie fundo litakalomtoa jasho!"

Wote walicheka isipokuwa Qali. Nyama yenye maji ingekaa wiki nzima katika joto la Garissa! Akilini alimwona Kaaha mbele ya wakwe zake, watu wameziba pua, na hakuweza kuvumilia tena. Lakini kila alipofungua mdomo, kamba nyingine ilikuwa imezungushwa. Alipopata ujasiri, Ayeeyo alikuwa amekwisha kuficha ncha ya mwisho.

"Ayeeyo," alisema huku machozi yakimtoka, "nyama ya sufuria langu haikulia. Nilikudanganya ili niwahi nyimbo."

Ayeeyo alikitazama chombo, akaitazama mikono yake iliyochoka, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Niletee maji ninywe kwanza," alisema.

Akanywa taratibu. Halafu akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Wallahi, afadhali umesema leo! Haya, washa moto. Fundo nililifunga kwa saa nzima, nawe utalifungua pamoja nami. Na waiteni hao wasichana wa nyimbo. Kama nyama haiwezi kwenda ngomani, ngoma na ije kwenye nyama!"

Hawo na wenzake wakaja wakipiga vigelegele. Walimwaga nyama yote, wakaichuja samli, wakaikaanga upya. Huyu alikoroga, yule aliimba, mwingine alicheza kuzunguka moto, kisha wakapokezana mwiko. Safari hii Qali hakutazama jua. Alisikiliza sufuria tu, mpaka nyama ikaanza kugongana kwa mlio mkavu.

"Imelia!" wasichana wote walipaza sauti.

Kamba zilipokuwa zikifungwa tena, vidole vya Ayeeyo vilikuwa vimekakamaa. Akamfundisha Qali fundo jipya, na Qali ndiye aliyeificha ncha.

Wiki moja baada ya harusi, kwa wakwe wa Kaaha ambako Qali na Ayeeyo walialikwa, Billow alikunja mikono ya shati mbele ya wageni. Alivuta huku, akavuta kule, akakizungusha chombo, akakilalia. Kamba haikulegea hata kidogo.

"Mimi nimeshindwa!" alisema hatimaye, akihema.

"Basi adhabu yako ni kulia kama mtoto wa ngamia," wanawake walimwambia, na Billow akalia kweli mpaka watu wakashika mbavu.

Qali akasogea, akaingiza kidole chini ya ngozi, akavuta ncha. Kamba zote zikalegea. Samli ilinukia iliki, na nyama zilivunjika vizuri katika meno ya wageni. Mama mkwe alimkumbatia Kaaha.

"Mashallah! Tumepata binti kutoka nyumba ya watu makini," alisema.

Ayeeyo alimvuta Qali kando. "Umeona, mjukuu wangu? Ungenyamaza, leo watu hawa wangeugua tumbo na dada yako angebeba lawama isiyo yake. Ulisema ukweli, tukafanya kazi mara mbili, na hakuna aliyekufa kwa hilo. Kazi imalize kabla ya kusema imekwisha. Ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kusaidiana."

"Nimesikia, Ayeeyo," Qali alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sufuria alihisi njaa. Akala nyirinyiri mpaka vidole vikang'aa samli.

Sifa zilienea mjini. Muda si muda wateja walianza kumwomba Mzee Guleid nyirinyiri za kuweka nyumbani, na Qali akapewa sufuria tena. Alasiri moja nyimbo zilisikika kwa akina Hawo, na jua lilikuwa linashuka.

"Imelia?" Ayeeyo aliuliza kutoka ndani.

Qali aliinua sufuria, akalitikisa, akasikiliza.

"Bado, Ayeeyo," alisema, akaendelea kukoroga huku akiimba.