Mkasi Juu ya Kabati

Mapenzi hayana adabu. Mwezi mzima dereva na mkewe, fundi cherehani, hawajaonana, halafu wanakutana wapi? Kwenye foleni ya sinema, mchana kweupe, watu wanasukumana. Fundi alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, limemkaa mpaka muuza tiketi akajisahau.

"Umependeza, Mama Kidoti."

"Na wewe umekonda. Nani anakupikia?"

"Mama."

"Ndiyo maana."

Wakacheka, wakaingia pamoja.

Ilikuwa filamu ya zamani kuhusu ndoa. Mama mmoja akili zinamyumba. Mumewe anampenda sana, lakini kwa hofu anafunga jiko kwa kufuli na kumtenga na wanawe. Dereva alilia gizani. Yeye naye, mkewe alipotoka hospitali ya akili alikolazwa baada ya kujifungua, alimfichia mkasi na sindano zote, na akamwacha mama yake, bibi wa mtoto, amkatalie hata kumbeba Kidoti. Fundi akahamia kwa dada yake.

"Yule mama alichungwa kama maziwa jikoni," fundi alisema walipotoka. "Nani asingechanganyikiwa?"

"Niliogopa, mpenzi."

"Hata mimi niliogopa. Lakini hukuniuliza. Dawa nakunywa, kliniki naenda, daktari ameniruhusu nimlee. Leo namfuata mwanangu, utake usitake."

Dereva akatoa simu. "Mama, tunakuja."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mke wangu."

Walimkuta bibi mlangoni, Kidoti kambana kifuani. Fundi alitamani kumpokonya, akajizuia. Dereva akapita moja kwa moja chumbani, akapapasa juu ya kabati, akarudi na ule mkasi mkubwa wa kazi. Akamkabidhi mkewe mbele ya mama yake.

"Mwanangu, una wazimu?"

"Labda ni zamu yangu, mama. Mpe mtoto wake."

Bibi alisita, kisha akamwachia. Fundi akaketi, akampakata Kidoti. Kwenye kola ya mtoto ulining'inia uzi, karibu kabisa na shingo. Akauvuta taratibu, akaukata. Kidoti akamshika sikio, akacheka. Fundi machozi yakamtoka, mkono wenye mkasi haukutikisika.

Bibi akashusha pumzi. Akaingia ndani, akarudi na kitambaa cha maua kilichokunjwa.

"Kimekaa tu tangu ulazwe," alisema. "Mikono iwe mirefu."

"Simama nikupime, mama," fundi akasema.